Njugu Zisizolia

Mibilinganya ndiyo iliyoanza kulia asubuhi hiyo, kama kawaida yake.

"Mama, nina kiu," ilisema kutoka tuta la juu. "Mama, nina kiu."

Mwenye shamba, Sikudhani, alikuwa hajamaliza hata chai. Aliacha kikombe kizingitini, akajifunga kanga vizuri na kutoka pekupeku kuelekea kwenye koki, huku nyanya nazo zikidakia, na baada ya nyanya, matango, ambayo hayakuwahi kukubali kupitwa na jambo. Alipofungua koki, maji yalianza kupita kwenye mipira iliyozikwa chini ya matuta, na vilio vikapungua kimoja kimoja mpaka shamba likatulia.

"Wee Mzaramo!" Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. "Hata chai hunywi? Umeolewa na mboga siku hizi?"

"Na wewe Msukuma, zako zimenyamaza kwa sababu zimeshakukatia tamaa!"

Aliyemchokoza alikuwa Mama Shija, jirani yake. Zaidi ya ujirani walikuwa watani wa kabila kwa kabila, wenye ruhusa ya kutukanana mchana kutwa bila mtu kununa. Na zaidi ya utani waligawana bomba moja.

Kugawana bomba hakukuwa jambo dogo. Jiji lilikuwa limeshafika Mzenga, kijijini kwao. Ukisimama shambani kwa Sikudhani na kutazama mashariki, uliona maghorofa tu, yamebanana mpaka jua la asubuhi lilichelewa kufika. Kati ya maghorofa hayo na msitu ulibaki ukanda mwembamba wa mashamba, na watu wa ghorofani walikula mboga za huko. Maji yalikuwa haba, kila tone lina mwenyewe, ndipo kampuni moja ikaleta vijiti.

Kijiti kilikuwa kitu kidogo, kama kidole. Ulikichomeka ubavuni mwa mmea, nacho kikasikiliza ule umeme hafifu unaopita kwenye shina, kikaugeuza kuwa maneno. Mmea ukiwa na kiu, kilisema una kiu. Ukiliwa na mdudu, kilisema. Shamba lililoitikia vilio vyake upesi lilipata alama nzuri ya malezi, na shamba lenye alama nzuri lilipata maji pamoja na wanunuzi. Alama ikishuka sana, bomba lilijifunga lenyewe na maji yakapelekwa kwa mwingine anayejua kulea.

Kusema kweli, mwanzoni watu walifurahi. Mboga zilinenepa, na nani asingependa kujua mmea wake unaumwa nini? Lakini misimu ilivyopita, mashamba ya ukanda ule yalianza kufanana. Mtama ulitoweka kwanza, ikafuata choroko, kisha mbaazi na mawele. Hakuna aliyeyang'oa mazao hayo kwa makusudi. Hayakulia tu, na mtu anayeshinda akikimbilia wanaolia, jioni hana nguvu za kwenda kuwatazama walionyamaza.

Sikudhani alikuwa amebakiza kitu kimoja cha zamani, nacho ni njugu mawe za Arafa.

Kwao kulikuwa na desturi. Mtoto akiachishwa ziwa, bibi yake alimpa mbegu. Ilikuwa mbegu ya zao moja, ya aina moja, ambayo haikupandwa na mwingine yeyote katika nyumba ile. Ikaitwa mbegu ya ziwa, na kila mwaka ikapandwa kwa jina la mtoto huyo. Nyumba yenye watoto saba ilikuwa na mazao saba yasiyokosekana, hata mwaka uwe mbaya vipi. Sikudhani mwenyewe alipewa kunde nyekundu, na kunde hizo zilimfia msimu wa pili wa vijiti bila yeye kujua zilikufa lini. Jambo hilo lilimuuma, lakini kunde zilikuwa zake mwenyewe, angeweza kujisamehe.

Njugu zilikuwa za binti yake. Zilikuwa nyeupe zenye jicho jeusi, na Arafa alizipokea kwa mikono miwili na kujaribu kuzila mbichi. Alikuwa mtoto mkimya. Njaa ikimshika hakulia, alikaa mlangoni tu na sahani yake mapajani. Homa ilimchukua akiwa na miaka minne. Tangu hapo mama yake hakuwahi kuacha kupanda zile njugu, na alizipa mahali pa heshima, chini kabisa mwa shamba, pale ambapo udongo mzito ulishika unyevu hata kiangazi. Hivyo ndivyo bibi zake walivyofanya na mbegu waliyoipenda kuliko zote.

Asubuhi hiyo, baada ya kufunga koki, aliteremka kuziangalia. Majani yalikuwa ya njano. Alikitazama kijiti; kilikuwa kinawaka taa ya kijani na kimenyamaza kimya.

"Mbona hamsemi?" aliziuliza njugu. "Kama mnaumwa si mseme, mama yenu niko hapa?"

Akampigia simu fundi wa vijiti.

*

Fundi aliitwa Lusajo, kijana wa Tukuyu mwenye miguu mirefu na adabu nyingi. Alifika mchana, akavua viatu kabla ya kukanyaga matuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kijiti chako kimekufa."

Lusajo alichuchumaa, akakigusa kijiti kwa kifaa chake cha mkononi. "Hakijakufa, mama. Kinasikia vizuri sana."

"Sasa mbona hakisemi? Tazama majani hayo!"

Badala ya kujibu, alifukua taratibu shina moja la pembeni. Njugu hutoa maua juu, kisha huzika matunda yake yenyewe ardhini, kwa hiyo habari zake zote ziko chini. Ganda lililotoka mkononi mwa Lusajo lilikuwa laini kama ndizi mbivu. Alilibonyeza, likatoa maji ya kahawia yenye harufu mbaya.

Sikudhani alishika mdomo.

"Zinaoza," Lusajo alisema kwa upole. "Si zote. Lakini maji yamezidi hapa chini."

"Mimi sijawahi kuzimwagilia hizi! Hata mara moja!"

"Huzimwagilii hizi, unamwagilia kule juu." Alinyoosha kidole kwenye mibilinganya. "Kule ni mchanga, haushiki maji. Unafungua koki, mibilinganya inakunywa kidogo, yanayobaki yanateremka chini kwa chini mpaka yanakutana na udongo huu mzito. Huu hauachii. Zamani, kabla ya bomba, pangekuwa mahali pazuri kabisa pa njugu."

"Nilichimba mtaro juzi, maji ya juu yasifike huku."

"Nimeuona. Maji yanapita chini yake."

Sikudhani alikaa chini pale pale kwenye tope. Alijiona mjinga, na zaidi ya ujinga alijisikia vibaya mno, kwa kuwa kila asubuhi alipotoka mbio kuwanywesha wengine alikuwa akimzamisha huyu. "Kwa nini hazikuniambia?"

Lusajo alikaa naye. Hakuwa na haraka ya kujitetea. "Kijiti kinajua maneno machache, mama. Kiu, njaa, mdudu. Tulivifundisha kwa nyanya na bilinganya, maana hizo ndizo zinazouzwa. Mmea ukizidiwa maji, umeme wake unapoa, unashuka chini ya kile tunachokihesabu kuwa kilio. Hatukuvipa neno la kusema imetosha."

"Basi kipe leo."

"Neno jipya linachukua misimu. Lazima lipimwe kwenye mashamba mengi, na mashamba yenye njugu..." Aliangalia huku na huku kwenye ukanda. "Nimezunguka kote huku, mama. Sijaona nyingine."

Kutoka juu, kana kwamba umesikia ukitajwa, mbilinganya mmoja ulianza tena. Mama, nina kiu. Sikudhani alikuwa ameshanyanyuka nusu kabla hajajua kwamba ananyanyuka.

"Umeona?" Lusajo alisema, na safari hii aliona aibu kidogo. "Walijaribu sauti nyingi. Ya mzee, ya mwanamke, hata ya filimbi. Hii ndiyo iliyowafanya watu wainuke haraka kuliko zote."

"Ni sauti ya mtoto."

"Ndiyo."

"Wa miaka mingapi?"

Lusajo hakujua kwa nini anaulizwa. "Kama minne hivi."

Sikudhani alirudi kukaa kwenye tope. Kisha akauliza swali ambalo fundi alikuwa akiliogopa tangu alipofukua shina lile. "Nikitaka kuziokoa zilizobaki?"

"Ufunge koki mpaka udongo huu ukauke. Si kwa siku moja au mbili. Mpaka maganda yakomae."

"Na kule juu?"

"Kule juu mimea italia, mama. Na si uongo, itakuwa na kiu kweli. Italia mpaka ife. Alama itashuka, bomba litajifunga, na ukipokonywa bomba hurudishiwi kirahisi." Alikwangua tope kidoleni. "Naweza kuandika kwamba vijiti vimeharibika. Wangekupa muda."

"Wakija kuvipima?"

"Wataniuliza mimi."

"Una watoto wewe?"

"Mmoja. Mke wangu ana mwingine tumboni."

"Basi usiandike kitu," Sikudhani alisema. "Nenda nyumbani kwako, mwanangu. Hili la kwangu."

Lakini halikuwa lake peke yake, na alilijua hilo hata kabla fundi hajavaa viatu.

*

Alimkuta Mama Shija akichambua mchicha uani, mjukuu wake Kabula akitambaa kuelekea kwenye mchicha ule kwa nia mbaya. Sikudhani alimweleza yote bila kuficha: maji, tope, njugu, koki. Kwamba bomba ni moja, na alama ni moja, na akifunga yeye, nyanya za Mama Shija nazo zitakufa.

Mama Shija alisikiliza akiendelea kuchambua.

"Kwa hiyo unanitaka niue shamba langu kwa ajili ya njugu," alisema mwishowe. "Wazaramo nyie! Mnapenda ngoma, hampendi kazi, na sasa mnataka na sisi tukae bure."

"Sikulazimishi ukubali. Nimekuja kukuambia tu. Ukikataa siwezi kukulaumu, hata mimi nikiwa wewe ningekataa."

"Wewe ungekataa? Wewe unayewapigia magoti matango?" Mama Shija alimvuta Kabula kwa mguu na kumrudisha kwenye mkeka. "Unakumbuka matanga ya Arafa?"

Sikudhani alikumbuka. Mama Shija alikuja kama mtani anavyokuja msibani, na kelele zake, akawavunja mbavu waliokuwa wakilia. Kisha akakwapua kikapu cha mbegu kilichokuwa kimeninginizwa darini, akatangaza kwamba hakirudishi mpaka kikombolewe. Wakakikomboa kwa kuku. Kikapu kilirudi, lakini kimepungua.

Moyo wa Sikudhani uliruka. Alimshika mwenzake mkono. "Mtani! Ulichukua zile njugu! Ulizipanda? Unazo?"

"Nilizila."

"Nini?"

"Nilizichemsha na chumvi nikazila jioni ile ile. Zilikuwa tamu, usiniangalie hivyo! Ningejua zitakuja kuwa za mwisho duniani si ningebakiza hata moja?"

Sikudhani alitaka kukasirika, akashindwa. Kicheko kilimtoka bila ruhusa yake, kikubwa, mpaka Kabula naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Mama Shija hakucheka. Alikuwa akimtazama mjukuu wake.

"Nyanya zangu nazipenda," alisema. "Zinaniita mama, na Shija mwenyewe hapigi simu mwezi mzima. Ila nilikula deni la mtoto yule. Nenda kafunge koki yako kabla sijapata akili."

*

Siku ya kwanza haikuwa mbaya sana. Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko walivyodhani.

Mibilinganya ilianza alfajiri na haikuacha. Nyanya zilidakia. Kufikia saa nne ukanda mzima ulisikia, na watu waliopita njiani walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja wa shamba la jirani alisimama uani, akasema haifai, akasema ni ukatili, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. Mwanamke yule alikuwa na huruma, na huruma yake haikuwa na kosa. Mimea ilikuwa na kiu. Haikumdanganya mtu.

Mara mbili alijikuta amesimama mbele ya koki, mkono umeshaishika. Mara ya pili Mama Shija alimwona, akaja na kigoda chake na birika la chai, akaketi kati yake na koki kama mtu aliyekuja kukaa matanga.

"Mama, nina kiu," ilisema mibilinganya.

"Na mimi nina kiu," Mama Shija aliijibu, akamimina chai. "Nyamazeni huko! Mmekunywa mwaka mzima, mwenzenu amezama hapo chini hata kusema hamkusema. Hamna haya? Mabilinganya makubwa mazima na manukato yenu ya rangi!"

"Manukato ya rangi ndiyo nini?" Sikudhani aliuliza.

"Sijui. Nawatukana tu."

Wakaendelea hivyo. Mchana mmoja ukaungana na mwingine, Mama Shija akiitukana mboga moja baada ya nyingine kwa majina ya mawifi zake, na Sikudhani akicheka, na katikati ya kucheka akiziba masikio. Kilichomuumiza zaidi hakikuwa kelele. Ilikuwa vile sauti ilivyozidi kuwa ndogo. Mtoto wa kijiti alianza kwa kupiga kelele, akaja kunung'unika, mwisho akawa anasema neno moja tu, mama, kisha hakulimalizia. Sikudhani aliteremka akaenda kukaa karibu na mstari ule mpaka ukanyamaza kabisa. Aliona mstari ule nao una haki ya kuombolezwa.

Asubuhi iliyofuata koki ilitoa mlio mmoja mfupi. Bomba lilikuwa limejifunga.

Mama Shija aliangalia nyanya zake zilizolala, akaangalia maghorofa yaliyokuwa yakila nyanya hizo, akasonya. "Haya," alisema. "Tumeshakuwa watu wa mvua."

*

Lusajo alirudi kuchukua vijiti, maana vijiti vilikuwa mali ya kampuni. Alipita mstari kwa mstari akivichomoa na kuviweka kwenye mfuko, kichwa ameinamisha. Alipofika chini kabisa, alikuta majani ya njugu yamerudi kuwa kijani pembezoni, na udongo umepasuka mistari mistari.

Kabla hajachomoa kijiti cha mwisho aliunganisha kifaa chake, akamwita Sikudhani. "Sauti haina maneno, mama. Ni ule umeme wenyewe, kabla haujageuzwa chochote. Nimeona usikie."

Sikudhani aliinama. Ilikuwa kama mtu anayegonga meza polepole kwa ncha ya kidole akiwa anawaza mambo yake. Haikumwita mama. Haikumtaka kitu.

"Iko hivi siku zote?"

"Ikiwa salama, iko hivi." Lusajo alikichomoa kijiti cha mwisho. "Nitaipeleka kwa wenzangu. Sina uhakika kama watasikiliza."

Walivuna maganda yalipokomaa. Mengi yalikuwa meusi na matupu. Mazuri yalitosha kufunika kitako cha ungo, si zaidi, na Sikudhani aliyabangua mwenyewe, akitazama kila njugu, nyeupe yenye jicho jeusi. Alikuwa anazifunga kwenye pindo la kanga aliposikia hatua za haraka nyuma yake.

Mama Shija alikuwa amembeba Kabula mgongoni. Alitumbukiza mkono kwenye ungo, akakwapua konzi nzima, akatimua mbio kadiri magoti yake yalivyoruhusu.

"Nimeiba!" alipiga kelele kutoka mbali. "Mtani hadaiwi! Mtoto huyu ameacha ziwa jana, na hana bibi mwingine wa kumpa mbegu!"

"Msukuma mwizi!" Sikudhani alimpigia kelele akiwa amesimama. "Safari hii usizile!"

"Nitaona zitakavyokuwa!"

Kabula, mgongoni, aliona njugu mkononi mwa bibi yake. Akainyakua moja, akaitia mdomoni, akaitema, akaishika kwa mikono miwili.

Sikudhani alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo mkavu. Kisha akalia, kwa sauti, bila haraka, na hapakuwa tena na kijiti cha kumfasiria mtu kwamba anataka nini.